Mkate Uliodondoka Kasrini

Ijumaa, saa tatu asubuhi.

Chumba cha nyuma ya kiwanda cha ngozi, mjini Meknesi, kilinuka kinyesi cha njiwa, kile cha kulainishia ngozi. Miludi alichora kasri kwa kidole kwenye sukari iliyomwagika mezani.

"Adhana ikilia, walinzi wa ndani na wenyeji wote wanakwenda kuswali. Wageni wanaachwa wajizungukie. Wewe na Ghizlan ni Wareno, mke na mume. Kiarabu hamkijui hata salamu. Jambia la sultani liko chumba cha silaha. Kufuli lake, Bushta, kwako ni mchezo."

"Mimi kazi hii nilishaacha, Miludi."

"Umeacha wewe. Mdogo wako je?"

Akamsogezea simu. Anwar, kafungwa kamba kwenye kiti, damu inamtoka puani.

"Jambia kabla ya alasiri. La sivyo, katafute sanda."

Bushta aliikodolea macho ile picha. Mama yao alikata roho akimkabidhi huyo kitinda mimba, na tangu siku hiyo hakujua kumnyima kitu. Ghizlan, mkono wa kulia wa Miludi, akamvika kofia ya majani.

"Tabasamu, mume wangu. Watalii hawanuni hivyo."

Saa saba mchana.

Kufuli lilisalimu amri kabla adhana haijaisha. Jambia likaingia kwenye begi la kamera, la bandia, la bati, likalala mahali pake. Begi akalibeba Ghizlan. Wakakata bustani ya michungwa taratibu, wakipiga picha kila kigae, watu wasio na shida duniani. Geti lile pale.

Mtalii mmoja mzee alikuwa anakula kwenye benchi. Mkate ukamponyoka, akausukuma pembeni kwa kiatu.

Bushta alikuwa anamuwaza Anwar. Mkono ukaenda wenyewe. Akauokota mkate, akaubusu, akaugusisha kwenye paji la uso, akauweka juu ya ukuta usije ukakanyagwa. Utotoni mama aliwachapa wote wawili, yeye na Anwar, kila walipouacha mkate chini.

Mlinzi wa geti, mzee Belaidi, aliona yote. Akasimama polepole.

"Mungu akubariki, mwanangu," alisema kwa Kiarabu.

"Amina," akajibu Bushta.

Kwisha habari yake. Belaidi akamdaka mkono.

"Mreno gani wewe, unayebusu mkate kama sisi? Umekuja na nani?"

Ghizlan hakugeuka. Alivuka geti na begi lake begani.

Heri hivyo, Bushta alijiambia. Jambia lifike tu, Anwar apone.

"Peke yangu."

"Na yule mwanamke?"

"Simjui. Tumekutana humu ndani."

Filimbi ikapulizwa. Walinzi wengine wawili wakaja mbio, wakambana ukutani. Kutoka ndani sauti ikapasuka: "Jambia ni la bati!"

Ng'ambo ya barabara gari jeupe likawaka. Ghizlan akajitupa ndani. Aliyeshika usukani alikuwa Anwar. Kamba hana, damu hana, anatafuna mkate. Akamwona kaka yake mikononi mwa walinzi. Akatazama kando, akatupa kipande kilichobaki dirishani, gari likaondoka.

"Wale kina nani?" Belaidi alimtikisa. "Sema, bwana, ujiokoe!"

Bushta alitazama kule gari lilikoishia. Alikuwa analia waziwazi.

"Mzee," alisema, "kile kipande cha mkate pale barabarani. Nenda ukakiokote. Watakikanyaga."