Biskuti za Bibi Asiye na Meno

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na mwenyewe hakatai. Nyumbani walimwita Injinia, kwa sababu tangu akiwa na miaka sita alikuwa akifungua redio amtafute mtu anayezungumza ndani. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili. Redio mbili zilikwisha kufia mikononi mwake, lakini jina lilibaki, na kichwa nacho kilivimba kulifuata jina.

Asubuhi ya mkesha wa Krismasi ilianza kama asubuhi nyingine. Mama, ambaye alikuwa muuguzi, alikunywa chai yake wima, akavaa viatu vyeupe vya kazini, akabandika karatasi ya maelekezo ya biskuti kwenye mlango wa friji. Mjomba, fundi seremala, alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati la vyombo, misumari mdomoni. Bibi alikaa dirishani, shavu moja bado limevimba. Wiki iliyopita daktari alikuwa amemng'oa meno manne yaliyosalia.

"Mwaka huu biskuti nitazila kwa macho," Bibi alisema. "Zenu hazitaki meno, zinataka nyundo."

"Mwaka huu napika mimi, Bibi! Laini kabisa. Utakula kwa ufizi mpaka useme basi."

"Haya. Mimi nimekusikia, na ufizi umekusikia."

Mama alipoondoka, na Mjomba naye alipokwenda dukani kununua bawaba, Injinia alijifunga aproni. Msaidizi wake alikuwa mdogo wake wa miaka minane, ambaye kwa kutotulia kwake aliitwa Kiroboto. Walipiga siagi na sukari mpaka zikawa kama povu, wakavunja mayai, wakakwaruza ganda la limau, wakatia unga. Walifinyanga madonge madogo, wakayabonyeza kwa kiganja na kuyanyunyizia peremende nyekundu na za kijani walizozitwanga. Trei ilipoingia katika oveni, ilipendeza kama nguo ya sikukuu.

Kiroboto alisoma karatasi ya Mama kwa sauti: "Dakika kumi. Zitoe zikiwa bado zimelegea katikati. Ziache kwenye trei zijimalizie zenyewe."

Dakika kumi zilipotimia, Injinia alibonyeza biskuti moja kwa kidole. Kidole kikazama.

"Mbichi hizi!"

"Lakini Mama ameandika..."

"Mama aliandika mbio mbio, anawahi zamu. Kitu kibichi ukikitoa jikoni kitaivaje, kwa maombi? Kawia ufike, Kiroboto!"

Akaongeza dakika kumi. Akabonyeza tena; kwa kuwa zilikuwa za moto, bado zilibonyea kidogo. Akaongeza tano nyingine. Asichokijua Injinia ni kwamba biskuti ikiwa ya moto huwa imelegea, na hukaza ikipoa.

Zikapoa. Zikakaza.

Mjomba aliporudi alichukua moja, akaigonga mezani. Ko! Ko! "Mbao gani hii, mwanangu? Mpingo? Niwekee kumi, nina kiti kinataka miguu."

Injinia hakucheka. Aligeuka akamtazama Bibi, ambaye naye alijifanya anatazama nje.

Kiroboto alimnong'oneza, "Uliyekawia, umefika wapi?"

Alasiri Mama aliingia, akaiona trei. Akashika biskuti moja, akairudisha polepole.

"Imekuwaje?"

Maneno yalimtoka Injinia kabla hajayapima. "Kiroboto huyu, Mama! Alikuwa anafungua oveni kila saa. Joto lote likatoka, ikabidi niongeze muda."

Kiroboto alivua aproni yake, ambayo ilikuwa taulo la jikoni tu, akaikunja mara nne kama mtu aliyefukuzwa kazi, akaiweka mezani na kutoka. Mtoto asiyetulia hata usingizini alikwenda kukaa kwenye ngazi ya nyuma, kimya, mikono magotini.

Injinia alimwona kupitia dirisha. Angepiga kelele, ingekuwa nafuu.

"Mama," alisema, "si yeye. Oveni hakuigusa. Alinisomea karatasi yako, mimi nikajifanya najua kuliko wewe. Nilizipika dakika ishirini na tano."

Mama alielekeza kidevu dirishani. "Umeniambia mimi. Yeye je?"

Injinia alitoka mpaka kwenye ngazi. "Nilikusingizia. Nisamehe, mdogo wangu. Bila wewe sipiki."

Kiroboto alifikiri. "Saa nashika mimi."

"Shika."

Unga uliobaki ulitosha trei moja tu, na peremende zilikuwa kiganja kimoja. Zikiharibika hizi, Bibi atakula kwa macho kweli. Wakachanganya, wakafinyanga, wakaingiza. Kiroboto aliikodolea saa ya ukutani bila kupepesa.

"Kumi! Toa!"

Injinia alibonyeza. Kidole kikazama kama asubuhi. Mkono wake ulitaka kuufunga tena mlango wa oveni, akaushinda. Akaitoa trei, akaiweka mezani, akaficha mikono nyuma ya mgongo isije ikamponza. Taratibu kingo zikashika, katikati pakatulia, peremende zikang'aa kama vioo vya rangi.

Bibi alipewa ya kwanza. Aliishika kwa vidole viwili. Ikapinda bila kuvunjika. Akaitia mdomoni, akafumba macho. Nyumba nzima ikasimama. Mashavu yakazunguka mara mbili, mara tatu. Kisha Bibi, macho yakiwa bado yamefumbwa, akanyoosha mkono kutafuta ya pili.

"Ufizi umesema asante!"

Kiroboto aliruka mpaka akagonga meza. Injinia alimbeba mgongoni, wakaizunguka sebule wakipiga vigelegele kama timu iliyotwaa kombe.

Mama aliwasimamisha kwa kuwashika mabega. "Sikilizeni. Kosa la biskuti tumelirekebisha kwa dakika kumi. Injinia, mdogo wako ungemwacha na lawama isiyo yake, usingepata oveni ya kulirekebisha hilo. Asiyejua afuate maelekezo. Akikosea, aseme ni mimi. Ukweli ulikuuma kidogo, lakini ndio uliotupa trei ya pili."

"Sawa, Mama."

"Mimi bado napinga," Mjomba alidakia, akifuta makombo kwenye ndevu. "Biskuti sharti ilie mdomoni. Kacha! Kacha! Hizi ni mbichi tu, mnamdanganya mama yangu."

Bibi aliitazama sahani, akamtazama mwanawe.

"Mbichi umekula saba. Zingeiva, sahani ingepona?"