Baharia wa Jumamosi

Wanaume wanne waliomvisha Bulaimu sanda walisema baadaye, kila mmoja kwa wakati wake na kwa sauti ya chini, kwamba kitambaa kilikataa kulala. Kindu siku hiyo haikuwa na upepo hata wa kutikisa jani la muhogo. Lakini walipofunika miguu, kifua kilivimba, na walipokandamiza kifua, ikavimba miguu. Wakakifunga kwa kamba nyingi kuliko desturi, wakambeba mbiombio, wakazika, wakanawa mikono.

Kitambaa chenyewe kilikuwa tanga la chombo. Hili lazima lielezwe, maana si kawaida ya Waislamu wa Kasuku, mtaa wetu wa Kindu, kuwavisha wafu wao matanga ya kusafiria.

Ulikuwa ule mwaka maduka ya wageni yalipogawiwa wananchi. Waliogawiwa wakauza vilivyokuwamo, kisha wakagundua hawajui vingine vinatoka wapi. Sabuni ikawa hadithi ya zamani, chumvi ikawa ya kutafutwa mtaa kwa mtaa, na marekani nyeupe, ile ya sanda, haikuonekana mjini kwa wiki tatu. Kitambaa kipya kilichobaki kilikuwa kile cha chama, cha kijani, chenye picha ya kiongozi kila baada ya shubiri mbili. Hawa, mke wa Bulaimu, alikitazama akakisukuma pembeni.

"Mume wangu alibeba mizigo ya bandari miaka makumi tatu," alisema. "Hataingia kaburini na sura ya muntu mwingine juu ya kifua."

Akafungua sanduku la Nahodha Masudi, babu wa babu yake, aliyekuja na watu wa pwani zamani za misafara, akaunda chombo cha tanga hapa hapa kwenye mto Lualaba, akapigana nacho na Wabelgiji mpaka kikazama. Tanga tu ndilo lililopona. Bibi yake Hawa alimwachia tanga hilo na maagizo mawili: lifukizwe ubani kila Ijumaa, na lisikatwe kamwe. Bibi hakusema kwa nini, na Hawa hakuuliza. Alidhani ni habari ya mende. Siku ya msiba akachukua mkasi, akalikata katikati. Nusu ikamtosha Bulaimu, nusu akairudisha sandukuni.

Akaingia eda. Sharifa, dada wa marehemu, akahamia kwake ili kumpikia na kumlinda upweke, maana Zawadi, binti yao, aliolewa mbali. Ila Jumamosi mchana Sharifa alilazimika kutoka, kwa sababu Jumamosi ilikuwa siku ya salongo, kazi ya bure ya kufyeka barabara na kuzibua mifereji, na kila mwenye mikono alitakiwa aende na jembe lake. Mtaa mzima ulibaki mtupu. Mjane wa eda peke yake ndiye aliyesamehewa.

Jumamosi ya kwanza, saa nane, Hawa alikuwa akichambua mchele. Harufu ndiyo iliyotangulia. Ilikuwa kama ya samaki wa chumvi, lakini kubwa zaidi, harufu ya maji mengi kuliko mto wowote anaoujua. Kisha pazia la mlango likavimba kuelekea ndani, likakaa vile, limejaa. Alipoinua macho, Bulaimu alikuwa ameketi juu ya mkeka, ameegemea ukuta, amelowa chapachapa.

"Usipige kelele, Mama Zawadi," alisema. "Niko muchovu."

Ungo ukamponyoka Hawa. "Baba Zawadi, si walikuzika?"

"Walinizika. Muliniosha vizuri, asante. Lakini hawakuniacha nilale." Akageuza viganja. Ngozi ilikuwa imechunika yote, nyama nyekundu inaonekana, nyuzi za kamba zimenasa ndani yake. "Tuko ndani ya chombo. Tunavuta kamba toka asubuhi mpaka asubuhi. Tulishuka mto, tukapita pale penye mawe, kiisha mto ukaisha. Hakuna ngambo, Mama Zawadi. Unatazama, hakuna ngambo."

"Nani anawavutisha?"

"Nahodha."

Filimbi ililia upande wa mtoni, nyembamba, na Bulaimu akajiinua jinsi alivyojiinua kila alfajiri ya miaka thelathini, mkono kiunoni, bila kulalamika, akatoka. Pazia likashuka. Pale alipoketi maji yalikauka upesi kwa joto, yakaacha unga mweupe. Hawa alionja kwa ncha ya kidole. Ilikuwa chumvi.

Alipaswa kumwita mtu. Badala yake alifagia chumvi ile kwenye kibakuli, akaitia kwenye sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, ya jioni. Sharifa alikula akilamba vidole, akashukuru Mungu, hakuuliza.

Jumamosi ya pili Bulaimu alirudi, amekonda. Alizungumza amefumba macho. Walikuwa wakifukuzwa, alisema, na meli ya Wazungu yenye milingoti mitatu na mizinga kwenye safu mbili. Siku tatu iliwaandama, na siku tatu nahodha hakuruhusu mtu aketi. Tanga likishushwa upande huu linatwekwa upande ule, na mvua inapiga, na foromali, lile jiti refu linalobeba tanga, likaanguka juu ya watu watano. Hawa alimpa chai. Akakishika kikombe kizima kwa viganja vile vilivyochunika, akakitazama tu mpaka kikapoa.

"Walikufa, wale watano?"

"Walikufa." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiye na nguvu ya kucheka. "Sisi wote tulikufa kiisha. Meli ilitufikia, mizinga ikalia, chombo kikawaka moto, tukaungua na tukazama. Nikasema, alhamdulilahi, sasa nitalala. Nahodha akapuliza filimbi. Tukaamuka wote, chombo kizima, tanga nyeupe. Akasema: vuta."

Safari hiyo chumvi ilikuwa nyingi zaidi, na Sharifa, aliyekuwa amezunguka Kindu yote wiki nzima bila kupata hata kijiko, aliweka tonge chini.

"Wifi, chumvi hii unatoa wapi?"

Hawa akaendelea kula. Sharifa akamtazama, akatazama mkeka wenye alama ya mgongo wa mtu, akatazama ukuta uliolowa kwa urefu wa kaka yake anapoketi. Asubuhi alimwita Mwalimu Kasimu.

Mwalimu aliketi nje ya pazia, kwa heshima ya eda, akamsikiliza Hawa mpaka mwisho. Alikuwa mzee mnene aliyewafundisha Korani nusu ya watoto wa mtaa, na aliwahi kutoa mashetani ya watu wawili watatu bila kujisifu. Aliposikia neno tanga, alikohoa kwa muda mrefu.

"Marehemu baba yangu aliniambia habari ya Nahodha Masudi," alisema. "Mto huu uko katikati ya pori, hauna upepo wa kujaza tanga. Yeye tanga lake lilijaa kila siku. Aliomba upepo kwa jini, jini likaingia ndani ya kitambaa. Na wale watu wa vyombo, mwenzao akifa safarini, wanamufunga ndani ya tanga. Njo mapatano yenyewe: mwenye kuvalishwa lile tanga ni baharia wake, hapana kupumuzika."

"Tufanye nini, Mwalimu?"

"Tumuvue. Kufungua kaburi ni jambo zito, mama, nimekwisha kukataza watu mara mingi. Lakini kumuacha vile ni zito zaidi. Tafuteni marekani. Nusu ya sanda na nusu ya sanduku, vyote tuvirudishe kwa mwenyewe."

Marekani ikapatikana kwa Mama Marceline, mfanyabiashara wa Kivu ambaye kwenye karatasi za serikali alikuwa na jina lingine siku hizo, majina ya Kizungu yakiwa yamekatazwa, lakini sokoni hakuna aliyelijua. Lori lake lilifika Jumatano kutoka Bukavu. Alileta kitambaa mwenyewe mpaka mlangoni, Sharifa akiwa sokoni, akampa Hawa pole na hakutaka malipo.

Hawa alikificha chini ya kitanda.

Alimwambia Sharifa kwamba marekani haijafika. Si kwamba hakumhurumia mumewe. Alimhurumia mpaka kifua kikauma. Lakini miaka thelathini Bulaimu alitoka gizani akarudi gizani, akala, akalala, na sasa, kila Jumamosi saa nane, alikuwa naye mchana kweupe, anamsimulia mambo. Alimpenda, akataka amwone mara moja tu zaidi. Jumamosi ya tatu ikapita hivyo. Akataka moja nyingine.

Jumamosi ya nne harufu ilikuja kabla watu hawajamaliza kutoka mtaani, na pazia halikuvimba tu, lilisimama lote mlalo hewani na kubaki vile, na vyombo vya jikoni vikaanza kugongana polepole kama vimepakiwa ndani ya kitu kinachoyumba, na Hawa, akiwa ameshika ukingo wa kitanda kwa sababu hata sakafu ya udongo aliyoikanyaga tangu aolewe ilionekana kumwinamia, aliona mumewe akiingia kwa magoti, viganja havina tena umbo la viganja, mdomo umepasuka kwa jua la mahali ambapo si Kindu. Hakwenda kwenye mkeka. Aliinuka mbele yake akamtazama toka kichwani mpaka miguuni.

"Baba Zawadi," Hawa alinong'ona. "Keti."

"Wewe njo nani?" aliuliza. "Uko wa tanga ao wa usukani?"

"Ni mimi. Mama Zawadi."

"Hapa watu wa tanga tu. Kama uko wa tanga, simama, shika kamba. Akikuona umeketi, atatupiga wote."

Hawa akalia kwa sauti, hakujali nani atasikia. Filimbi ilipolia, Bulaimu akageuka papo hapo, akaondoka bila kumtazama tena. Sharifa aliporudi na jembe lake, alimkuta wifi yake ameketi katikati ya chumba, marekani nyeupe imekunjuliwa mapajani.

"Ilikuwa hapa toka siku kumi," alisema Hawa. "Nitukane kesho. Leo muite Mwalimu."

Walifungua kaburi alfajiri, Mwalimu Kasimu na wale wale wanne. Hawa alivunja desturi, akasimama kwenye uzio na uso wake umefunikwa. Mvua haikuwa imenyesha tangu maziko, lakini udongo ulitoka umelowa, na harufu ikawafanya wanaume wageuze nyuso. Bulaimu hakuwa ameoza. Tanga lilikuwa limekaza juu yake kwa upepo. Mwalimu alisoma, akakata kamba moja baada ya nyingine, na kamba ya mwisho ilipokatika kitambaa kikashuka kwa pumzi ndefu ambayo wote waliisikia. Wakamvisha marekani, na kwa mara ya kwanza sanda ikalala juu ya mwili wake. Mmoja wa wale wanne, mpakizi mwenzake, alisema, "Sasa amepumuzika, angalieni uso," akajifuta macho kwa mkono wenye udongo.

Nusu mbili za tanga wakazilaza ndani ya mtumbwi mkongwe, usio na kasia wala mtu, wakazifukiza ubani, wakausukuma. Wanawake waliokuwa wakifua walisimama wakiangalia. Mtumbwi ulielea kidogo, ukageuka wenyewe, ukapanda mto, ukienda kinyume cha maji mpaka ukafichwa na kona.

"Jumamosi," Mwalimu akamwonya Hawa, "ukiulizwa kitu, usijibu. Hata kama unaulizwa kwa upole."

Jumamosi ikafika. Saa nane ikapita, mkeka uko mkavu. Hawa aliutazama, akafurahi, na palepale akaona uchungu wa kumpoteza mtu mara ya pili; akalia kidogo, akajilaza. Usingizi ulikuwa unamchukua pazia liliposimama mlalo.

Iliyoingia ilikuwa kanzu. Ilikuwa imejaa kifua, imejaa mikono mpaka mwisho wa mikono, na baada ya hapo hapakuwa na kitu, si vidole, si shingo, si kichwa, hewa tu iliyoinama chini ya mlango mfupi kama mtu mrefu anavyoinama. Sauti haikutoka mahali pamoja. Ilitoka kwenye pazia, kwenye shuka, kwenye nguo yake mwenyewe Hawa mwilini.

"Tanga limerudi vipande viwili," ilisema kwa upole. "Chombo hakiendi. Nani alilikata?"

Hawa akauma ulimi.

"Ninahitaji mshonaji. Nisipompata, nitamrudisha yule mvutaji, tutavuta kwa mikono. Najua alipolala. Nguo yake mpya hainizuii. Nitavuma juu ya kaburi mpaka udongo uishe."

Alikumbuka onyo la Mwalimu, neno kwa neno. Alikumbuka pia uso alioelezwa asubuhi ile makaburini, na viganja, na miaka thelathini ya kuamka gizani. Alikuwa amechoka, lakini alijua yuko mtu aliyechoka kuliko yeye.

"Muache," alisema. "Ni mimi nilikata."

Sharifa alirudi alasiri, akadondosha jembe mlangoni. Hawa alikuwa ameketi pale pale juu ya mkeka, nguo imelowa mpaka magotini, nywele zimeganda kwa chumvi, vidole kumi vimevimba na kutobolewa kila mahali, na uzi mnene wenye lami umemzunguka kiganja.

"Wifi! Alirudi?"

"Hapana. Amelala." Hawa alisema hivyo kwa furaha ya kweli, akafumba macho. "Nisaidie kunyoosha vidole, Sharifa, polepole. Jumamosi, siku ya posho, watapigana tena na ile meli, na kila wakipigana, mushono wa tanga unapasuka wote."