Dakika Nne Zilizokosekana

Jumatano asubuhi kisanduku cha kabatini kilikutwa kitupu. Saa ya mkononi ya marehemu mwenye nyumba haikuwemo. Kufikia jioni, mtunza bustani alikuwa mahabusu.

Alhamisi, binti wa marehemu, aliyeishi mbali na kuutazama mlango wa mama yake kupitia simu, alimtuma fundi aliyefunga kamera.

"Nitafutie huyo mwizi," alimwambia. "Jumanne mchana kamera ilikatika. Lazima aliichezea."

Fundi hakuwa mtu wa kukurupuka. Aliketi jikoni na kompyuta yake, akasoma kumbukumbu za siku thelathini. Mjane alimwekea chai, akabaki amesimama.

Kila siku, saa saba mchana, picha ya kamera ilipotea dakika mbili. Fundi aliitazama maikrowevu, kisha ruta ya intaneti iliyokaa juu yake. Ruta ilikuwa na bendi mbili za mawimbi. Kamera, ya bei nafuu, iliijua moja tu, ya gigahezi 2.4, ambayo maikrowevu huivuruga.

"Mama, chakula unapasha dakika ngapi?"

"Sahani moja, dakika mbili. Niko peke yangu, mwanangu."

"Nilikwambia kwamba hii ikiwaka, kamera inapotea?"

"Uliniambia siku ile ile."

"Jumanne ilipotea dakika nne, kuanzia saa 7:02. Halafu dakika moja, saa 7:48. Mtunza bustani hula humu ndani?"

"Yule? Hata chai hunywea nje. Ukimkaribisha, anasingizia viatu vyake vina udongo."

"Basi sahani ya pili alikula nani?"

Mjane akavuta kiti, akaketi.

"Mwanangu wa kiume. Dada yake alimpiga marufuku kufika hapa, mwaka wa tatu huu. Niliiwasha maikrowevu ili aingie asionekane. Nikaiwasha tena, na kikombe cha maji tu, ili atoke."

"Na saa ya marehemu?"

"Sikumwona akiichukua. Baba yake alipofariki hakupewa hata shati." Alishika ukingo wa meza. "Nikimtaja, hatarudi."

"Usipomtaja, mama, yule bwana analala ndani usiku wa pili. Mkewe ameketi nje ya kituo cha polisi tangu jana."

Mjane aliomba simu.

"Ni kaka yako," alimwambia binti. "Nilimfungulia mwenyewe. Piga kituoni, wamwachie yule mtu."



"Alikula?" binti akauliza.

"Alikula akamaliza."

"Haya. Nawapigia sasa hivi."

Fundi alifunga kompyuta. "Nikiisogeza ruta hii, kamera haitakatika tena."

Mjane aliweka sahani yake moja ndani ya maikrowevu, akafunga mlango.

"Iache hapo hapo, mwanangu."