Nisamehe Mpenzi, Nimejaa

"Dada, hiyo simu yako haichoki kulia?"

Foleni nzima kwenye duka la kutengeneza simu iligeuka. Dada mwenyewe alikuwa fundi cherehani wa ghorofa ya juu, watu wakimwita Sindano. Alivaa gauni la kijani la kujishonea, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Ni wateja," alisema. "Nikiwajibu sishoni, nikishona siwajibu. Na siku hizi usipomjibu mtu dakika mbili, ameshahamia kwingine."

"Basi dawa yako ninayo," alisema fundi simu, kijana mrefu aliyeitwa Chaji, shati lake limepigwa pasi mpaka kola.

Dawa ilikuwa programu ya akili bandia. Ilisoma meseji zake za zamani, ikajua anavyoongea, ikaanza kuwajibu wateja kwa niaba yake. Hata kumwita kila mtu "mpenzi" iliiga, maana ndiyo tabia ya Sindano. Meseji ikishajibiwa iliondoka mbele ya macho yake, asisumbuke. Chaji aliiambia isiguse majina matatu tu: Mama, Dada, na Fundi Simu, yaani yeye.

"Wewe kwa nini isikujibu?"

"Mimi nataka nijibiwe na mwenyewe."

Tusidanganyane, mapenzi yalianzia hapo hapo. Miezi saba ilikuwa ni simu tu. "Umekula?" "Nimekula, baba." "Umenikumbuka?" "Nikukumbuke na magauni sita mezani? Hebu nipishe!" Na wote wanacheka.

Jumatatu moja Chaji alijikaza, akaandika: "Mpenzi, uso kwa uso naona haya. Naomba nafasi kwako. Mwezi huu nije nyumbani nizungumze na mama. Utanipokea?"

Jibu likaja papo hapo: "Nisamehe mpenzi, mwezi huu nimejaa, sipokei mtu mpya. Jaribu kwa mwingine usije ukachelewa bure."

Masikini Chaji! Mtaalamu mzima hakujiuliza ni binadamu gani anayejibu ombi la ndoa kwa sekunde moja. Alijua jina lake haliguswi, basi maneno ni ya Sindano. Aliizima simu, akainamia kazi, machozi yakimlenga.

Sindano alipiga mara kumi na moja. Haipatikani. Ijumaa alishuka ngazi, macho mekundu, akaibwaga simu mezani.

"Toa hiki kitu chako humu! Kama umenichoka, si ungesema?"

"Nimekuchoka mimi? Wewe si umeniambia nijaribu kwa mwingine?"

"Nani? Lini?"

Chaji aliiwasha simu yake, akamwonyesha. Sindano alisoma mara mbili, akashika kichwa.

"Mungu wangu! Hivi ndivyo ninavyowajibu wateja. Chaji, hii sijawahi kuiona!"

"Haiwezekani. Fundi Simu haijibiwi, niliipanga kwa mikono yangu."

Aliichukua simu ya Sindano, akatafuta kwenye majina. Mama yupo. Dada yupo. Fundi Simu hayupo. Akaingiza namba yake mwenyewe, na jina lililotokea likamfanya akae kwenye kiti.

Mume Wangu.

"Ulibadilisha lini?"

Sindano alitazama viatu vyake. "Jumapili. Nilikuwa nimekaa peke yangu tu, nikajiona mjinga kukuita Fundi Simu."

"Jumapili. Na mimi nikaomba Jumatatu."

"Kumbe uliomba," alisema taratibu, na machozi yakamtoka. "Siku nne nalia, kumbe uliomba!"

Mteja aliyekuwa akisubiri kioo chake aliaga mwenyewe, akasema atarudi kesho. Chaji alizunguka meza, akamshika mikono yenye vidole vigumu kwa kushona.

"Niandike tena?"

"Thubutu! Sema kwa mdomo wako."

Akasema yote, mpaka kwenye habari za mama. Sindano alijipangusa kwa ncha ya futi, akacheka huku analia.

"Nisamehe mpenzi, nimejaa kweli," alisema. "Lakini Jumapili njoo."