Gari Nililonunua Mimi, Wakamshukuru Yeye

Nina miaka thelathini na saba, Mchaga wa Machame niliyezaliwa na kukulia hapa Arusha. Nina duka la dawa za mifugo pale Tengeru. Sijaolewa. Msinionee huruma kwanza, ndugu wasomaji... nisikilizeni.

Nilikuwa na gari la michezo! Jekundu, milango miwili, la petroli, eksozi yake unaisikia kabla hujaliona. Nililinunua kwa jasho langu, kwa kuuza chanjo za kuku. Kila safari ya Nduruma kwa wafugaji lilikwaruza tumbo kwenye mashimo, na mafuta lilikuwa linayanywa kama maji. Lakini nililipenda, jamani!

Ndipo akaja Elibariki, Mmeru wa Poli, mpole, mwanakwaya mwenye suti moja inayopigwa pasi kila Jumapili. Mimi ambaye hata shangazi zangu walishaacha kuniuliza nitaolewa lini... ningemkataa vipi? Akamtuma mshenga nyumbani, mahari ikapokelewa, sendofu, sherehe ya kuniaga kwetu, ikapangiwa tarehe.

Hapo akaanza na gari langu. Mara mama yake hawezi kujikunja kuingia kiti cha nyuma. Mara si vizuri mke wa mtu kupita mjini ananguruma. Akanipeleka kwa dalali kuona gari dogo la dizeli, la mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Ukilaza viti unapakia maboksi ya dawa, mikungu ya ndizi, na siku moja mtoto. Nililiendesha nikacheka mwenyewe. Lilikuwa gari la mtu mwenye akili zake!

Kisha akainamisha macho. Akasema kwenye sendofu bwana harusi hutoa zawadi mbele ya watu, naye hana kitu. Akaomba tubadilishane na dalali gari kwa gari, ila kadi ya umiliki ya hilo la dizeli iandikwe jina lake ili mshereheshaji aisome ukumbini. Baada ya ndoa tungeibadilisha.

"Nisitiri, mpenzi," aliniambia. "Nisitiri tu mbele ya ukoo wenu."

Mimi nikamsitiri. Tulisaini karatasi mbili: moja inasema mimi nimeuza gari jekundu, nyingine inasema Elibariki amenunua la dizeli. Nililipapasa jekundu langu kwenye boneti, nikaondoka bila kugeuka.

Siku ya sendofu ukumbi ulijaa. Ndafu, mbuzi mzima wa kuchomwa, imepambwa, shangazi zangu wamevaa vitenge vya sare. Mshereheshaji akainua kadi juu, akasoma jina la Elibariki herufi kwa herufi. Vigelegele! Mimi nikapewa kipaza sauti nikamshukuru mume wangu mtarajiwa kwa gari. Baba yangu, mzee wa kanisa, akasimama akamshika mkono, akamshukuru kwa niaba ya ukoo. Nililia. Nilikuwa nimeshaanza kuuamini uongo wangu mwenyewe.

Zikabaki wiki mbili tufunge ndoa. Elibariki alikuwa akiliazima lile gari mara kwa mara, eti mizunguko ya kamati ya harusi. Asubuhi moja nikapeleka chanjo kwa mama mmoja mfugaji wa kuku, Makumira. Akaliangalia gari, akaniangalia mimi.

"Dada, hili si gari la baba Neema? Juzi kampeleka mkewe kliniki nalo. Amekuazima?"

Akanionyesha nyumba, ya tatu kutoka kwake. Nikabisha hodi. Akatoka Elibariki, amevaa singlendi, amebeba mtoto. Nyuma yake amesimama mwanamke mjamzito. Hakukana. Hakuomba radhi. Aliniuliza nimefuata nini pale!

Nikarudi nyumbani nikatangaza siolewi. Baada ya siku nne mshenga akaja na wazee wawili. Baba akarudisha mahari yote, maana kwetu anayekataa ndoa ndiye anayerudisha alivyopokea. Nikadhani yamekwisha. Mshenga akakohoa.

"Mzee, na gari."

Nilipiga kelele! Niliwaambia ukweli wote, karatasi mbili, dalali, mpaka ile nisitiri. Mama akauliza kwa sauti, huyu aliyetuficha mke na mtoto ndiye wa kudai? Mshenga akajibu kwamba kwa hilo wako tayari kulipa faini, ila gari lina kadi na kadi ina jina. Kisha akatoa simu yenye video ya sendofu. Nikajiona, mimi mwenyewe, na kipaza sauti, nikimshukuru Elibariki kwa gari. Dalali alipopigiwa akasema yeye anamjua aliyeandikwa.

Baba alinyoosha mkono. Nikampa ufunguo. Nikatoka kushusha maboksi ya dawa kutoka kwenye buti, na nikiwa bado nimebeba la mwisho, Baba akamkabidhi mshenga ule ufunguo.

Walipoondoka Baba akaniita jikoni.

"Mwanangu, nilijua gari ni lako. Siku ya sendofu nilimuuliza yule kijana linakula mafuta vipi, akanijibu petroli kidogo tu. Mtu kanunua gari la dizeli, hajui linawekwa nini?"

"Sasa Baba, mbona ulinyamaza?"

"Wewe ndiye ulimsifu mbele za watu. Mimi nikamshukuru kwa neno lako. Leo nisimame tena niwaambie nini, kwamba binti yangu ni mwongo?"

Nikaanza kuosha vikombe vya wale wazee.

Sasa chanjo nazipeleka kwa bajaji ya kukodi. Mara mbili nimepishana na lile gari Usa River, ameketi mwanamke mbele na watoto wawili nyuma. Linawafaa kweli. Nililichagua vizuri.

Dada zangu mnaosoma hapa, nawasihi kwa machozi... mwanaume asiye na kitu mpokee hivyo hivyo, na wageni wamwone hivyo hivyo. Mkiona aibu, oneni aibu pamoja, itapita. Msimvike heshima ya kuazima! Elibariki alinidanganya mimi peke yangu. Mimi niliudanganya ukoo mzima kwa ajili yake, na siku niliposema kweli, hakuna aliyeniamini isipokuwa baba yangu, naye ndiye aliyetoa ufunguo.