Siku ya Mwisho ya Duka la Ghorofa Nne

Haya yote ni kweli tupu. Anayebisha akaulize ukuta, maana duka lenyewe halipo tena.

Saa nane mchana. Stoo ya vitambaa, ghorofa ya pili. Watu watatu wamekalia majora. Kobe, mlinzi aliyefukuzwa hapo mwaka jana, alichora sakafuni kwa chaki.

"Leo duka linafungwa moja kwa moja. Saa kumi, sanduku la dhahabu iliyobaki ghorofa ya nne linateremshwa kwa lifti ya mizigo. Fundi?"

"Nitakuwa nimelala juu ya lifti," alisema fundi lifti. "Naisimamisha hapa, naingia, nabeba sanduku. Nagonga."

"Mimi nawasubiri nje na gari. Na mlango wa lifti hapa unafunguka kwa nje tu, kwa ufunguo wa Mita. Lifti ikikwama muda mrefu, kengele inalia. Mita, ukizubaa, huyu fundi mdogo wako kaliwa."

"Huyu nimembeba mgongoni, Kobe. Usinifundishe."

Mita alikuwa mkata vitambaa, hapo tangu ujana. Duka lilianza na cherehani moja barazani. Mwasisi akashona sare za jimbo zima, akapandisha ghorofa juu ya ghorofa. Lifti ilipofika, watu walivua viatu wakiingia. Mmoja alishinda humo kutwa akidhani anasafiri. Wajukuu wakarithi, wakauza kipande kipande. Sasa rafu zilibaki mbavu tupu.

Saa kumi kasoro dakika tano. Bibi mmoja akasimama kaunta, hatua chache kutoka mlango wa lifti.

"Tumefunga, mama."

"Nikatie nyeupe, mwanangu. Ya kumzikia mzee. Kitambaa cha suti yake ya harusi ulikata wewe."

Mita akamkumbuka bwana yule, mabega mapana, akicheka kwenye kioo. Akashusha jora. Mwasisi aliwafundisha wakataji wote: mkasi ukishaingia, mkono hausimami mpaka pindo la pili, hata paa liwake moto.

Ngo. Ngo. Ngo.

Mkasi ulikuwa katikati. Mkono ukaendelea wenyewe.

"Kaka!" Sauti ya chini, nyuma ya chuma. "Fungua, kaka!"

Akafika pindoni. Akakunja. Akafunga uzi. Hata "karibu tena" akasema, kwa duka lisilo na tena. Alipogeuka na ufunguo mkononi, kengele ilikuwa inalia na mabuti yako ngazini. Nje, gari la Kobe likanguruma, likatokomea.

Walinzi wakauvunja mlango. Fundi akaburutwa nje, mdomo unavuja damu.

"Mwenzako nani?"

"Sina."

"Na huyu mzee mwenye ufunguo?"

Fundi akamtazama kaka yake, kisha akatazama sakafu. "Simjui. Sijawahi kumwona."

Bibi alikuwa bado amekumbatia kifurushi chake. Mita akauweka ufunguo juu ya kaunta, taratibu, kama anayemrudishia mteja chenji.

"Mwongo huyo," akasema. "Tumbo moja mimi naye."

Pingu zilikuwa jozi moja. Wakafungwa pamoja, mkono kwa mkono, wakateremshwa kwa ngazi, maana lifti ilikuwa mbovu.