Racho Ndani ya Tangi

Asubuhi hiyo ilianza vizuri, wallahi. Mimi na wifi yangu Racho, mke wa kaka yangu Denge, tulikuwa tumefika Mombasa jana yake kutoka Isiolo, tukakunywa chai tukicheka hiyo joto yao. Kansa ya taya ya Racho ilishaisha, walimchoma na mashine ya miale Nairobi mwaka wa themanini na mbili. Lakini mfupa ikabaki inaoza. Shimo shavuni, chai inatokea hapo. Daktari akasema apumue hewa kali, ile ya kushindiliwa, ndani ya tangi ya chuma ya kutibu wapiga mbizi, ndio mfupa ipone. Akikataa, taya itakatwa.

Racho akaangalia tangi. "Hii ni jeneza ya chuma."

Ekeno, fundi wa tangi, Mturkana wa kwetu Isiolo, akacheka. "Mama, jeneza gani iko na simu?"

Wakamtoa kila kitu, hata pini ya nywele. Wakamwachia shuka moja. Mlango ikafungwa.

"Akilia utafungua?" nikauliza.

"Hapana, mama. Hewa inatolewa pole pole. Nikifungua haraka, anakufa."

Nikakaa kwa kidirisha ya tangi. Sasa ujue ugomvi ya nyumbani kwetu. Bisharo, mke mwenza wake, alikufa kabla tusafiri. Anayeosha maiti akatuuliza sisi wanawake, kama kawaida: mmemsamehe? Wote tukaitikia. Racho akanyamaza. Nikamfinya. Akaninong'oneza, "Ndiye aliniroga hii taya. Aende nayo."

Tukamzika hivyo.

Simu ya tangi ikaita, ni Racho. "Wifi, kuna mtu anapumua humu."

"Ni wewe."

"Mimi nimebana pumzi."

Nikachungulia. Racho peke yake. Macho yanaangalia chini, miguuni.

"Ananishika miguu. Fungueni!"

Ekeno akazungusha koki ya kutoa hewa. Pole pole. Jasho inamtoka.

"Mwambie umemsamehe!" nikasema.

"Bisharo, nimekusamehe. Wallahi nimekusamehe."

Ekeno akaendelea na koki.

Halafu sauti ikatoka kwa simu. Haikuwa ya Racho.

"Mimi bado."

Mlango ilipofunguka, Racho alikuwa hai. Lakini shuka ilimfunika mwili wote, fundo kichwani, fundo kiunoni, fundo miguuni, vile tunafunga maiti yetu. Ekeno alishindwa kufungua. Akakata na makasi.

Racho hakuingia tena. Taya ikakatwa.

Kile kipande cha shuka cha miguuni niko nacho hapa Isiolo. Fundo haijafunguka. Nimekifua mpaka kimechakaa, na kila nikikamua, maji inatoka na udongo.